Mwaka wa Dozi Mbili

Mwalimu Lemayian alizikwa Mashuuru, kwenye shamba la babake, siku ambayo mvua ilikuwa imekata barabara mahali kadhaa, na mimi nikafika mahubiri yakiwa yameshaanza. Niliketi nyuma kabisa ya hema kwenye kiti cha plastiki kilichozama miguu yake kwenye tope. Mzee mmoja akaniletea sahani ya wali na nyama bila kuniuliza mimi ni nani. Watu walisimama mmoja baada ya mwingine kumsifu marehemu. Wanafunzi wake wa zamani, ambao sasa wana mvi kama mimi, walieleza jinsi alivyowafundisha hesabu kule Kajiado, akiandika ubaoni kwa mkono wa kushoto na kufuta kwa kiwiko cha koti. Mjane wake aliketi mbele na shuka jekundu mabegani, macho chini. Hakuna aliyetaja ule mwaka ambao hakuwa mwalimu. Labda hawakuujua, au waliuchukua kama homa iliyompata ikapita. Mimi kwa upande wangu namjua kwa mwaka ule tu. Nilifanya kazi naye katika chumba kimoja, na pale nyuma ya hema, mgongo ukiniuma kwa safari, sikuweza kufikiria kitu kingine chochote.

Ulikuwa mwaka wa ukame na wa mgao wa umeme. Kitengela haikuwa mji bado. Ilikuwa mstari wa maduka kando ya barabara ya Namanga, vumbi jeupe, na ng'ombe waliokonda wakipita katikati ya magari kutafuta nyasi ambazo hazikuwapo. Nilikuwa nimemaliza diploma ya kompyuta, na kazi pekee niliyopata ilikuwa ya Mwalimu. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, unapanda ngazi za chuma za nje ambazo saa sita mchana huwezi kuzishika kwa joto. Ndani mlikuwa na meza mbili na kompyuta mbili zenye migongo mikubwa, kila moja imefunikwa kitambaa cha kufuma alichokifuma mke wa Mwalimu ili vumbi lisiingie. Chini yetu mafundi walichomelea mageti kutwa nzima, na kila walipowasha mashine yao taa yetu ilififia na skrini zikatetemeka. Asubuhi Mwalimu aliniamkia kwa Kimaasai. "Takwenya, Mwende," nami nikajibu, "Iko," ndilo neno la kwanza alilonifundisha. Kisha alimimina chai kutoka thamosi yake, akakoroga ingawa haikuwa na sukari, akaketi. Alikuwa ameacha kufundisha akiwa na umri wa miaka arubaini na kitu, akajisomea mwenyewe kuandika programu, na alikuwa na hakika kwamba katika miaka michache kila duka na kila shamba la Kajiado lingehitaji mtu kama yeye. Hakukosea kuhusu hilo. Alikosea tu kudhani kwamba wangemngoja.

Mteja wetu mkubwa lilikuwa shamba moja la maua upande wa Isinya. Sitalitaja, na hata hivyo halipo tena. Walikuwa na grinhausi ndefu za waridi, na katikati ya grinhausi hizo nyumba ndogo ya mawe ambamo pampu za maji zilinguruma. Ndani ya nyumba hiyo ya pampu ndimo ilimokaa kompyuta yenye programu ya Mwalimu. Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza. Mhudumu wa pampu aliandika kwenye kisanduku kidogo cha skrini idadi ya lita za mbolea ya maji zinazotakiwa kuchanganywa na maji ya kitanda fulani cha waridi, yaani tuta lake, akabonyeza kitufe cha kuanza, na mashine ikasukuma dozi hiyo kwenye mabomba. Mbolea ile ilikuwa na asidi ndani yake. Dozi sahihi ililisha maua. Dozi iliyozidi iliyachoma, lakini si papo hapo. Siku chache baadaye ndipo kingo za majani zilipogeuka hudhurungi na vichwa vya maua vikainama kabla ya kufunguka.

Wahudumu walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Musyoka, kijana mpole aliyewahi kupiga taipu kwenye ofisi ya chifu. Mwingine alikuwa Nyambura, ambaye sote tulimwita Mama Shiro kwa jina la binti yake, na huyo alikuwa jirani yangu. Tulipanga kwenye ploti moja nyuma ya soko, vyumba vya mabati vimepangwa pande mbili za ua, bomba moja la maji ambalo mwaka ule lilitoa hewa zaidi ya maji. Chumba changu na chao vilitenganishwa na bati moja. Nilijua wanapopika kwa mvuke na harufu, nilijua Shiro anapokataa kulala, na nilijua kikohozi cha Baba Shiro akirudi kutoka machimbo ya mawe. Mama Shiro alikuwa mwanamke wa maneno machache, mrefu, mwenye mazoea ya kukunja kila kitu: kitambaa, mfuko wa nailoni, karatasi ya mandazi. Alipopata kazi ile ya kompyuta alikuwa ametoka kwenye kupalilia, na kwenye ploti watu walianza kumsalimu kwa namna nyingine.

Mara ya kwanza kitanda kilipoungua, meneja wa shamba, Bwana Karanja, alipiga simu kwenye duka la vifaa vya ujenzi na mwenye duka akapanda ngazi kutuita. Tulikwenda. Tulipita kati ya mistari ya waridi yenye majani yaliyokauka kingo, na Karanja alikuwa akikata vichwa vya maua kwa vidole akivitupa chini. Tangi la mbolea lilikuwa limeshuka maradufu ya ilivyopaswa. Ilikuwa zamu ya Mama Shiro. Alisimama mlangoni mwa nyumba ya pampu, mikono ndani ya mifuko ya ovaroli.

"Mama Shiro, ulibonyeza mara ngapi?" Karanja alimuuliza.

"Moja."

"Sasa hiyo mbolea ilijipeleka yenyewe?"

"Boss, niko na macho. Nilibonyeza mara moja, ikaandika dozi imekamilika, nikaenda kuangalia mabomba."

Karanja aliketi mwenyewe kwenye kompyuta. Namba ilikuwa imeandikwa tayari kwenye kisanduku. Akabonyeza kitufe, mashine ikasukuma mara moja, ikanyamaza. Akabonyeza tena baadaye, tena mara moja. Musyoka akaitwa, akafanya kama alivyofanya siku zote, na ikawa mara moja. Karanja akageuka kumtazama Mwalimu, na Mwalimu akasema kile ambacho watu wa kazi yetu husema tangu siku hizo mpaka leo: kwamba mtumiaji mgeni mara nyingi hubonyeza mara mbili bila kujua, kidole hutetemeka. Hakukisema kwa ubaya. Alikisema kwa upole, kama alivyokuwa akimwambia mwanafunzi kwamba amesahau kubeba moja katika kujumlisha. Mama Shiro alitazama mkono wake wa kulia, akaurudisha mfukoni.

Jioni ile nilikuwa naondoa mawe kwenye muthokoi wangu, yale mahindi ya kukobolewa, nilipomsikia Baba Shiro upande wa pili wa bati. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka asiyetaka ugomvi. "Nyambura, niambie mimi tu. Ulibonyeza mara ngapi?"

"Moja."

"Haya," akasema. Kisha kijiko kikagonga sahani.

Mwalimu alirekebisha programu. Aliweka maagizo kwamba kitufe kikishabonyezwa kife kwa muda, kisisikie kidole cha pili mpaka dozi iishe. Tukaipeleka shambani, tukajaribu, tukarudi. Alifurahi, aliniambia njiani kwamba programu nzuri ni ile inayomlinda mtu dhidi ya mkono wake mwenyewe. Mvua zilipokosa kuja tena, na ng'ombe wake kule Mashuuru wakaanza kulala chini wasiinuke, akawa anakwenda nyumbani kila wiki, na ofisi ikabaki kwangu. Kisha kitanda cha pili kikaungua. Zamu ya Mama Shiro, kitufe kikiwa na kinga yake, na tangi limeshuka maradufu. Safari hii Karanja hakumuuliza chochote. Alimwambia aende nyumbani akae mpaka atakapoitwa.

Nilimkuta uani akifua nguo katikati ya juma, saa ambayo hakuwahi kuwapo. Nilichutama karibu naye. Nikamwambia kwamba nilikuwa nimesoma maagizo yote ya kile kitufe na kwamba mtu hata angekibonyeza kwa fujo, kisingemsikia mara ya pili. "Kwa hivyo si kidole chako," nikasema.

"Basi ni nini?"

"Sijui."

Alikamua gauni la Shiro, akalikung'uta. "Mwende, usiniambie si mimi kama hujui ni nini. Hiyo hainisaidii."

Nimefanya kazi hii muda mrefu sasa, na vijana ninaowasimamia hapa Matasia wana vyombo ambavyo sisi hatukuviota, wanaweza kuisimamisha programu katikati ya mstari na kuichungulia ndani. Lakini kiini cha tatizo hakijabadilika, na sina budi kukieleza hapa, maana bila hicho hakuna kinachoeleweka. Programu nilizofundishwa mwanzo chuoni zilikwenda kama mtu anayesoma barua, mstari wa kwanza, wa pili, mpaka mwisho. Zile za madirisha na vitufe haziendi hivyo. Zinakaa zikisubiri. Mtu akibonyeza kitufe, fungu fulani la maagizo linaamka, linafanya kazi yake, linalala. Akiandika kwenye kisanduku, linaamka jingine. Akitoka kwenye kisanduku hicho kwenda mahali pengine, linaamka jingine tena. Anayeandika programu anapanga mafungu, lakini ni mkono wa mtumiaji unaoamua lipi liitwe kwanza na lipi lifuate. Na fungu moja linaweza kuitwa kutoka milango miwili. Hayo ninayaeleza leo kwa pumzi moja. Mwaka ule nilikuwa na hisia tu, na kitabu kinene chenye kurasa zilizoachana.

Nilimwomba Mama Shiro aje ofisini. Mwalimu alikuwa Mashuuru. Mama Shiro alipanda zile ngazi amevaa nguo za kanisani, ingawa ilikuwa siku ya kazi, akaketi kwenye kiti cha Mwalimu akiwa amekaza mgongo. Hatukuwa na pampu, lakini programu ilikuwa ileile. Niliweka ndani ya lile fungu la kuanzisha dozi kidirisha kidogo cha kutokea kila mara fungu linapoitwa, chenye maneno "Dozi inaanza." Nilifikiri nimekuwa mjanja. Nikamwambia, "Fanya vile unafanyaga pale shamba."

Akaandika namba. Akachukua mausi, kile kipanya cha kompyuta, akakiburuta polepole hadi kwenye kitufe, akabonyeza. Kidirisha kikatokea. Nikakifunga. Tukasubiri. Hakikutokea kingine. Tukarudia, na tena, na kila mara kilitokea mara moja tu. Nje mtu alikuwa akipigania bei ya misumari. Mama Shiro aliweka mausi chini kwa uangalifu kama yai.

"Basi ni mimi," akasema.

"Ngoja kidogo."

"Hapana. Umeona mwenyewe. Wewe uko upande wangu na bado imetokea mara moja." Alisimama akakunja leso yake. "Huenda nabonyeza na sijui. Nyanya yangu alikuwa anaongea peke yake na hajui. Sasa hata chumvi nikitia kwa mboga nauliza Shiro kama nimetia." Akashuka ngazi. Nilimsikiliza mpaka akafika chini, chuma kikilia chini ya viatu vyake.

Hali ikawa hivyo kwa wiki kadhaa. Nilikula peke yangu chumbani, nikisikia upande wa pili wakila pia, Shiro peke yake ndiye aliyekuwa akiongea. Baba Shiro alianza kumuuliza mambo madogo: umefunga mlango, umezima jiko, una hakika. Aliuliza kwa huruma, na naamini huruma ile ilimmaliza mkewe kuliko ghadhabu ya Karanja. Mimi nilirudia majaribio yale ofisini kila umeme ulipokuwapo, na umeme ulipoondoka niliketi nikiitazama skrini nyeusi. Sikuwa na ustadi. Kilichonisaidia ni kuchoka. Siku moja nilichoka hadi kidole changu kikawa kizito. Nilibonyeza mausi nikasahau kukiachilia kitufe chake. Na kile kidirisha kikatokea. Kikatokea nikiwa bado nimekandamiza. Nikakaa nikakitazama. Kitufe cha skrini hakipaswi kusikia mpaka kidole kiachilie. Ndivyo vinavyofanya kazi, unakandamiza, unaachilia, ndipo maagizo yanaamka. Kwa hiyo kilichokuwa kimeamsha dozi hakikuwa kitufe. Kulikuwa na mlango mwingine. Tena kidirisha changu, kwa kutokea katikati ya tendo lile, kilikuwa kikilikatiza, kikikinyima kitufe zamu yake. Mimi mwenyewe, kwa kutaka kuona, nilikuwa nimeizuia hitilafu isitokee.

Nikakiondoa kidirisha. Mahali pake nikaweka mlio, ule mlio mfupi ambao kompyuta za siku hizo zilitoa tumboni mwao, usioomba mtu chochote wala kusimamisha kazi. Kisha nikateremka mbio hadi kwenye ploti. Mama Shiro alikuwa akichambua maharagwe. Alikataa. Nilimbembeleza mpaka nikaona aibu, na nadhani alikuja kwa kunihurumia. Tulipofika juu umeme ulikuwa umeondoka.

Tulingoja. Nilitoa mandazi ya asubuhi tukagawana. Mafundi wa chini nao walikuwa wamekaa, hakuna cha kuchomelea, na mmoja wao alikuwa akisimulia habari za mjomba wake aliyeuza shamba akanunua lori bovu, wengine wakicheka. Mama Shiro alisikiliza na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu nilimwona akitabasamu kidogo. Jua lilikuwa limeshafika dirisha la pili umeme uliporudi, mashine ya chini ikanguruma, taa ikafifia, ikatulia. Niliwasha kompyuta. Akaandika namba. Akaburuta mausi. Akabonyeza.

Pii. Pii.

Hakugeuka kunitazama. "Hiyo ni mimi?"

"Weka mkono kwa magoti," nikamwambia. "Sasa andika namba tena, bonyeza mara moja, na urudishe mkono kwa magoti haraka."

Akafanya. Milio miwili, na mkono ukarudi juu ya gauni baada ya bonyezo moja tu. Akarudia bila mimi kumwambia. Akarudia tena. Kisha akafunika uso kwa viganja na mabega yakaanza kwenda juu na chini, na sikujua kama ni kilio au kicheko, wala sikuuliza. Nilifungua maagizo na safari hii nilijua pa kutazama. Ulikuwa pale, kwenye fungu linaloamka mtu anapotoka kwenye kisanduku cha namba: mstari mmoja, ulioagiza dozi ianze. Ukiandika namba ukaenda kwenye kitufe kwa mausi, umetoka kwenye kisanduku; dozi ya kwanza. Ukabonyeza kitufe, dozi ya pili. Kinga ya Mwalimu ilikilinda kitufe, na dozi ya kwanza haikupitia kitufe. Karanja alipojaribu hakuandika namba mpya, kwa hiyo hakuwahi kuingia kwenye kisanduku wala kutoka; hata Mama Shiro mwenyewe siku nyingi aliikuta namba imeshaandikwa, ndiyo maana vitanda viwili tu viliungua. Na Musyoka, kwa mazoea yake ya taipu, hakugusa mausi kamwe. Alimaliza kwa kubonyeza Enta kwenye kibodi, iliyokiamsha kitufe bila kumtoa kwenye kisanduku. Nilimuuliza Mama Shiro kwa nini yeye hakutumia Enta.

"Mwalimu alinifunza hivyo," akasema. "Aliniambia, andika namba, shika mausi, bonyeza hapa. Nimefanya vile alinifunza."

Kesho yake nilikwenda Kajiado. Ilikuwa siku ya mnada wa mifugo na Mwalimu alikuwa ameshusha ng'ombe wake waliobaki kuwauza kabla hawajafa. Nilimkuta ukingoni mwa mnada, koti lake la ualimu limejaa vumbi, akimtazama mchinjaji akigusa mbavu za mtamba kama mtu anayepima ukuta. Aliuza kwa bei ambayo hakutaka kuitaja. Kisha akanichukua nyumbani kwake pale Kajiado, chumba chenye makochi yaliyovalishwa vitambaa vilevile vya kufuma. Mkewe alituletea chai ya strungi, akaomba radhi kwamba hakuna maziwa. Katika nyumba ya Mmaasai kukosa maziwa ni aibu, na aliposema hivyo alitazama pembeni. Nilimweleza Mwalimu yote mezani, nikimchorea visanduku kwa ncha ya kijiko juu ya kitambaa. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye ule mstari aliufunga mkono wake wa kushoto.

"Karanja aliniomba," akasema. "Alisema wahudumu wanaandika namba wanasahau kubonyeza. Nikaweka dozi ianze mtu akitoka kwa kisanduku. Halafu akasema hapana, kitufe kibaki. Nikarudisha kitufe." Aliufungua mkono. "Ule mstari sikuutoa."

"Naweza kuutoa leo," nikamwambia. "Ni mstari mmoja."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na kikombe mkononi. Hakujua kompyuta, lakini alikuwa amesikia jina la Mama Shiro. "Yule mama bado amekaa nyumbani?" akauliza.

Mwalimu alimtazama, kisha akanigeukia. Aliniambia mimi, "Kesho tutaenda pamoja. Tumpitie kwanza."

Tulimpitia. Alivaa tena zile nguo za kanisani. Ofisi ya Karanja ilinukia dawa ya kupulizia maua, na kulikuwa na waridi kwenye chupa ya soda juu ya meza. Mwalimu alikataa kiti. Alianza kueleza habari ya kisanduku na mausi, na Karanja, aliyekuwa na haraka, akashika neno moja.

"Kwa hivyo ni mausi imeharibika? Si mngesema tu, tununue ingine tuendelee?"

Mlango ule ulikuwa wazi kabisa. Nilimwona Mwalimu akiuona. Mteja mkubwa, ng'ombe wameisha, ofisi ya kulipiwa, na mtu mbele yake amekwisha kumwandikia jibu. Karanja akainua macho kutoka kwenye karatasi zake.

"Mausi ni mzima," Mwalimu akasema. "Ni mimi. Programu ilikuwa inaanza dozi mara mbili na niliiandika mimi. Huyu mama alibonyeza mara moja siku zote. Alisema hivyo na mimi nilikuambia kidole chake kinatetemeka." Akamgeukia Mama Shiro. "Nilikosea, na nikakutwika wewe. Nisamehe."

Mama Shiro alitikisa kichwa mara moja, kama mtu anayepokea salamu kutoka mbali. Karanja alikasirika, na alikuwa na haki. Alizungumza juu ya vitanda vilivyoungua, juu ya wanunuzi, juu ya walimu wanaoacha chaki. Alisema hataki tena programu yetu shambani kwake, wataleta watu wa Nairobi. Alimaliza kwa kumwambia Mama Shiro arudi kazini Jumatatu. Yeye mwenyewe hakumwomba radhi. Nje, Mwalimu alisimama kando ya tangi la maji akavuta pumzi, akaniambia nimsamehe na mimi pia, kwa sababu kazi imeisha. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amefunga ofisi, akarudi kwenye hesabu zake Kajiado, na kompyuta mbili zikanunuliwa na kanisa. Jioni ya siku ile tuliyotoka kwa Karanja, Baba Shiro alikuja na ini limefungwa gazetini. Nilisikia likikaangwa. Nilisikia akisema, "Kula, Nyambura," na baada ya kitambo tena, "Kula."

Ningependa kuishia hapo. Ndivyo nilivyoisimulia hadithi hii kwa miaka mingi, kwenye mikutano na mbele ya vijana, milio miwili kisha ukweli kisha ini, na watu hucheka mahali pa kucheka. Lakini Musyoka aliniambia yaliyotokea Jumatatu ile. Mama Shiro alifika mapema, akafuta vumbi kwenye kompyuta, akaandika namba. Mwalimu alikuwa amekubaliwa kuutoa ule mstari kabla ya watu wa Nairobi kuja, na programu ilikuwa salama. Mama Shiro alishika mausi, akaifikisha kwenye kitufe, akabaki hapo. Alibaki mpaka Musyoka, aliyekuwa akimaliza zamu, akamuuliza kuna nini. Akamwambia, "Nibonyezee wewe." Ikawa hivyo kila siku. Akisha kubonyezewa, alikwenda nyuma kusikiliza mashine kwa sikio lililobandikwa ukutani, ahakikishe imenyamaza. Kisha akaenda kwa Karanja mwenyewe, akaomba apelekwe kwenye banda la kupanga maua, mshahara mdogo, kusimama kutwa kwenye baridi.

Mvua ilikuwa imeanza nilipokwenda kumuaga, maana nilikuwa nimepata kazi mjini. Banda lile lilikuwa refu, lenye baridi ya kukusudiwa, wanawake wamejipanga kwenye meza wakiwa na glavu na kofia za sufu. Alikuwa katikati, akipima mashina ya waridi kwa jicho, akiyafunga mafungu, akikata ncha. Hakuacha kazi ila alisogea nipate pa kusimama. Nilimuuliza kwa nini hakurudi kwenye pampu ilhali kila mtu sasa anajua kwamba alikuwa akisema kweli.

"Wanajua," akasema. "Mkono haujui."

Nilimwambia kwamba hitilafu ile ilishaondolewa, kwamba haiwezi kurudi. Aliinua fungu alilokuwa amelifunga, akaligeuza kwenye mwanga, akaona shina moja fupi kuliko mengine. Alilichomoa, akalitupa kwenye ndoo chini ya meza, akaweka jingine mahali pake.

"Hapa nikikosea," akasema, "naona nimekosea." Akakaza kamba, akanyoosha mkono kuchukua maua mengine.